Kima Aliyemshika Chui Mkia

Niwape nisiwape?

Tupe tusikie.

Basi tulieni, maana hadithi hii ikinifika kooni hunichoma.

Zamani, zamani sana, jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu chini ya majabali. Kila adhuhuri wanyama walishuka kunywa: Swala, Ngiri, Kanga, Nungunungu, wote.

Juu ya jabali aliishi Bi Pimbi na watoto wake wawili. Mwili wake mdogo, miguu mifupi, lakini sauti anayo.

Siku moja, wenzake wakiwa wameinamia maji, Bi Pimbi aliona ncha ya mkia ikicheza kwenye matete. Alikuwa Chui.

Akinyamaza, Chui hatamwona. Akipiga kelele, Chui atamgeukia yeye. Akawasukuma watoto ndani ya ufa, akapiga ukelele mkali uliopasua bonde zima.

Wanyama wakatimka. Chui akaruka jabalini kwa hasira, akamparura mgongo Bi Pimbi akiwa anajipenyeza ufani. Alipoona hampati, akaenda zake.

Kima naye? Kima alikuwa juu ya mti, amekumbatia tawi, kimya. Aliona kila kitu.

Siku tatu Bi Pimbi alilala ufani na jeraha lake. Siku tatu hizo Kima hakulala.

Siku ya kwanza alisema, "Mimi ndiye niliyemwona Chui, nikapiga ukelele."

Siku ya pili alisema, "Nilipiga ukelele, nikashuka, nikamtupia gogo."

Siku ya tatu alisema, "Nilipiga ukelele, nikashuka, nikamtupia gogo, nikamshika mkia, nikamzungusha hivi, na hivi, na hivi."

Wanyama wakamshangilia. Wakamfanya mlinzi wa chemchemi. Akawa anakunywa wa kwanza, wengine wanasubiri.

Siku ya nne Bi Pimbi alishuka na watoto wake, midomo imewakauka. Kima akamzuia.

"Nyuma huko, Bi Pimbi. Siku ya hatari hatukukuona."

"Hamkuniona? Bwana Kima, ukelele ule ulikuwa wangu."

Ngiri akacheka. "Mama, usijitie makuu. Kima ametusimulia vizuri, mpaka namna alivyoushika mkia ametuonyesha."

"Na jeraha hili je?" Bi Pimbi akawageuzia mgongo.

Nungunungu akalitazama jeraha. "Hilo ulilipata ukikimbia," akasema.

Siku hiyo yeye na wanawe walikunywa wa mwisho, na kilichobaki kilikuwa tope. Aliwafuta watoto midomo. Akawaambia, "Chui akirudi, mimi sina mdomo. Wamwite huyo mlinzi wao."

Chui akarudi.

Ilikuwa adhuhuri tena, na matete yakatikisika tena. Bi Pimbi akaona. Kima pia akaona. Mlinzi yule akauparamia mti polepole asisikike, akajifunika uso kwa mikono.

Bi Pimbi akajisemea, "Waliwe. Si walinicheka?" Akafumba mdomo, akauma meno. Lakini pale majini alisimama mtoto wa Swala, miguu bado haijakaza, anajifunza kunywa. Huyo hakumcheka mtu. Kwa nini alipe yeye?

Bi Pimbi akapanda mahali pa wazi kabisa, akapiga ukelele wake.

Wanyama wakatimka, na safari hii walitazama sauti ilikotoka. Swala na mwanawe wakaokoka. Chui akaruka, Bi Pimbi akazama ufani, kucha zikakwaruza jiwe tupu. Akaondoka na njaa yake.

Waliporudi, Kanga akainua macho mtini. "Bwana Kima, mbona leo mkia hukuushika?"

"Nilipomwona," Kima akaanza, "niliwaza kwamba..."

Hakuna aliyemsubiri amalize. Walikwishampa mgongo.

Ngiri akamwendea Bi Pimbi, kichwa chini. "Tusamehe, mama. Uwe wewe mlinzi wetu."

"Sitaki ulinzi wenu," akasema Bi Pimbi. "Mliuona mgongo wangu unavuja damu, mkaamini maneno ya mtu asiye na hata mkwaruzo. Yeye alidanganya apate cheo. Ninyi je, mlipata nini? Hamkumwuliza hata swali moja. Wanangu wakanywa tope."

Bi Pimbi akawashika watoto wake, akashuka majini. Wakanywa taratibu, wakapumzika, wakanywa tena. Wanyama wote wakasimama juani wakingoja, Ngiri na Nungunungu wakiwa nyuma kabisa, nyuma hata ya Kima.

Basi, enyi wasikilizaji, mnaojua kupiga makofi: anayesimulia vizuri si lazima awe ndiye aliyetenda. Kabla hamjampa mtu sifa, ulizeni nani aliumia. Mwongo hutenda uovu wake, lakini anayemwamini bila kuuliza humsaidia kuubeba.

Nilipofikia ndipo hapo, nami hadithi naitua chini. Atakayeiokota aipeleke kwao kama alivyoikuta.