Mfupa wa Mwashi

Mwashi alianguka kutoka jukwaa la ujenzi asubuhi, na kabla ya adhuhuri miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Picha zilionyesha mfupa wa mgongo uliovunjika na kuibana mishipa ya fahamu. Usingeondolewa upesi, asingesimama tena.

Daktari mpasuaji aliyepewa kazi hiyo alibandikwa jina la Radi na wenzake, kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa myepesi. Alikwisha kuufungua mgongo, keekee, mashine ya kutobolea mfupa, ikinguruma mkononi mwake, ilipokohoa mara moja na kuzimika. Wakabadilisha waya, wakabadilisha betri, wapi! Keekee ya akiba ilikuwa kwa fundi. Radi aliduwaa kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

Msaidizi wake akamkabidhi patasi na nyundo. Radi alipiga pigo moja tu. Mfupa ukapasuka upande, na tone la maji maangavu likachuruzika kutoka kwenye ngozi laini inayofunika mishipa. Unywele mmoja zaidi, naye angekuwa amemnyang'anya mtu miguu yake! Aliushona mpasuko wa ngozi ile, kisha akaomba koleo la kung'atia mfupa, lenye mdomo mdogo kama punje ya mtama.

"Kwa hilo tutafika lini?" msaidizi aliuliza.

"Tutakapofika."

Aling'ata chembe, muuguzi akapangusa mdomo wa koleo. Akang'ata nyingine, ukapanguswa tena. Bakuli likapokea vipande kama chenga za mchele. Mtaalamu wa usingizi alipoonya kwamba shinikizo la damu linashuka, Radi alitua, akasubiri, akaendelea. Jua lilikuwa linazama wakati kipande cha mwisho kilipotoka, na mahali palipobanwa pakaanza kupwita kwa mapigo ya moyo.

Nje ya chumba cha upasuaji, mke wa mwashi aliviona vidole vya daktari vimejikunja kama makucha. Akadhani ni ishara ya msiba, akaketi sakafuni.

"Mume wangu kaniacha," alisema.

"Yu hai, dada. Vidole vyangu tu ndivyo vimegoma kukunjuka. Ila miguu yake, bado sijui."

Kesho yake Radi alikuwa kando ya kitanda, akipima joto la mgonjwa, mwashi aliponung'unika huku amefumba macho:

"Mke wangu, acha kunifinya kidole."

Radi aliganda. Mke naye aliganda, mkono wake ungali chini ya shuka, miguuni pa mumewe.

Mfupa ulioishinda mashine na nyundo ulikuwa umemalizwa chembe kwa chembe. Naam, bandu bandu huisha gogo.