Kwa Nini Safu Hushtuka Kabla ya Kulingana

Nyie mnaofungua ukurasa wa mtandaoni na kukuta safu zote zimeishia chini sawasawa, msidhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, kurasa zilipokuwa bado changa, kila safu ilishuka kadiri ya maneno yake na kuishia hapo. Yenye mengi ilifika chini, yenye machache ikabaki inaning'inia juu, na hakuna aliyejali.

Aliyeanza kujali ni Naetwe, fundi wa kurasa pale Same mjini. Alitunza ukurasa wa matangazo ya misiba, ambao Wapare waliotawanyika huko Mwanza, Mtwara na Tunduma waliusoma ili kujua nani kafariki nyumbani na anazikwa lini. Kila marehemu alikuwa na safu yake iliyopakwa rangi: picha juu, ukoo katikati, na saa ya mazishi mwisho kabisa, maana ndivyo tangazo linavyofungwa.

Siku moja akaja mjane mmoja, amefura. Mumewe hakuwa na watoto wala ndugu wengi, na safu yake ilikatikia nusu ya safu ya jirani, diwani mwenye wajukuu ishirini na tisa. "Mwanangu, hata kufa mnatupimia?" akauliza. Maskini Naetwe, alikuwa na moyo mwepesi yule, na maneno yale yalimkaa.

Akaandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo ukurasa huyafuata wenyewe unapofunguliwa: pima safu zote, itafute iliyo ndefu kuliko zote, kisha zote zipe urefu wake. Ili maneno yasije yakamwagikia chini na kuharibu pambo, akaongeza agizo la mwisho: kinachozidi, kifichwe. Akatazama kwenye kompyuta yake, akaona diwani na fukara wamesimama bega kwa bega. Akamwita mjane aje aone, na mjane akalia kwa furaha. Nani angemlaumu?

Lakini haraka haraka haina baraka, jamani. Skripti ile ilikuwa na pupa. Ilipima mara tu ukurasa ulipofunguka, wakati picha bado ziko njiani. Kwenye kompyuta ya Naetwe picha zilikuwa zimeshahifadhiwa, zilitokea papo hapo, kwa hiyo vipimo vilikuwa sahihi. Hakuwahi kuufungua kwa simu ya mtu wa mbali, mwenye mtandao wa kusuasua. Huko safu zilipimwa bila picha, na picha ilipofika ikasukuma maneno chini, kule kwenye kufichwa.

Wiki ya pili akafariki Bibi Nakiete wa Vudee kule milimani, mama wa ukoo mkubwa, na safu yake ndiyo ikawa ndefu kuliko zote. Mwanawe wa pekee wa kiume, Elinaja, dereva wa lori, alikuwa Tunduma. Aliambiwa kwa simu kwamba mazishi ni Alhamisi saa kumi jioni. Jumatano wazee wakayarudisha nyuma hadi saa tano asubuhi kwa kuhofia mvua, na shangazi mtu akasema, "Kumpigia njiani hapatikani. Andikeni kwenye ukurasa, Elinaja anausoma kila kituo." Naetwe akauandika mstari ule kwa mkono wake mwenyewe. Elinaja, ndani ya basi, aliufungua ukurasa mara tatu. Alimwona mama yake, akasoma majina ya wajukuu, akarudisha simu mfukoni. Alifika Vudee saa tisa na kukuta majembe yameshaoshwa.

Jumatatu akaja ofisini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu, nionyeshe huo mstari wanaosema uliuandika."

Naetwe akamgeuzia kompyuta. Mstari ulikuwepo, mweusi, wazi. Elinaja akaweka simu yake pembeni: ukurasa uleule, mama yuleyule, na chini ya wajukuu hakuna kitu. Akatazama huku, akatazama kule.

"Kumbe wewe ulikuwa unauona," akasema. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Naetwe alipanda Vudee kuomba radhi, na alisamehewa, tena akapewa na chai. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Msamaha haukumpa Elinaja ule udongo wa kiganja kimoja aliosafiri kuja kumtupia mama yake. Naetwe akarudi mjini, akalifuta lile agizo la kuficha, na akaiamuru skripti ipime upya kila picha iliyochelewa inapofika.

Na tangu siku hiyo, ukifungua ukurasa mahali penye mtandao dhaifu, utaona safu zimesimama moja juu, moja chini, halafu ghafla zinashtuka na kulingana. Watu husema ukurasa ni mbovu. Si mbovu, unamngoja aliye njiani. Na mafundi wa Same hawaachii ukurasa mpaka waazime simu ya mpita njia wautazame humo.

Naetwe sasa ni bibi, macho yamepungua nguvu, lakini bado huazima. Tangazo la Bibi Nakiete hakuliondoa mpaka leo. Hulifungua hilo kwanza, akaingoja picha ifike, akashuka taratibu chini ya wajukuu wote, akausoma mstari wa mwisho kwa sauti: mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi.