Utando Uliopima Moshi wa Nyati

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekohoa?

— Tumekohoa!

Kohoeni tena mmalize, maana hadithi hii ina moshi, na aliyeuwasha amenyamaza kimya.

— Mtaje! Mtaje!

Subirini basi!

Hapo kale, katika bonde la wanyama, alikuwako Nyati, mnene wa shingo, mwenye tumbo lisilojua kusema basi. Majani makavu yalimkwaruza koo, yeye alitaka machanga tu. Akagundua kwamba nyika ikiungua, majani machanga huchipua. Basi akachoma huku, tatata! Akachoma kule, tatata! Leo akachoma, kesho akachoma, na majani yakichipua alikula peke yake.

Moshi ukapanda, ukatanda. Jua la mchana likawa hafifu, ndege wakatetemeka kwa baridi, watoto wa Swala wakakohoa, koho koho. Mawingu yakaja, yakajaa, yakapita. Mvua hakuna.

Wanyama wakaenda kulalamika kwa Twiga, mkuu wa baraza. Nyati akawatangulia, puu! puu! puu!

"Mnahangaika bure!" akanguruma. "Tazameni juu! Ule si moshi, ni tando za Buibui. Amefuma mpaka ameziba mbingu. Aliyeziba mbingu afukuzwe bondeni, asirudi tena!"

"Afukuzwe!" wakaitikia wote. Mwenye kiu haulizi sana.

Sasa huyo Buibui alikuwa nani? Kadudu tu, kanakaa kwenye mgunga ukingoni mwa mto. Lakini kwa kujivuna, hata Tembo hakumfikia. Na kwa nini asijivune? Nani mwingine bondeni aliweza kutoa uzi tumboni mwake akaufanya nyumba?

Maneno ya Nyati yakamfikia, yakamchoma. Tawini kwake palining'inia kifuko cha mayai, na wanawe walikuwa karibu kutoka. Kifuko hicho hakihamishiki. Akifukuzwa, atawaacha. Halafu lile tusi! "Mimi? Mimi nifume kitu kichafu namna ile? Kazi yangu haijulikani?"

Alfajiri akazikagua tando zake. Ule wa upande wa mto, upepo unakotoka, ulikuwa safi. Umande ulikuwa umekusanyika matone machache, manene, nayo yakaanguka, to! to! Akaenda kwenye ule wa upande wa Nyati. Masizi matupu! Umande ulikuwa umegawanyika vitone vidogo kama unga, vimeng'ang'ania pale pale, hakuna hata kimoja kilichoanguka.

"Ahaa!" akasema Buibui. "Kila punje ya moshi imenyakua maji yake. Wakigawana hivi, nani atakuwa mzito wa kuanguka? Na huko mawinguni ni hivi hivi. Ndiyo maana mvua hainyeshi!" Akajipapasa kichwa kwa furaha. Macho manane hakupewa bure.

Lakini angemwambia nani? Nyati akishtakiwa, atakana, na sauti yake ni kubwa. "Nikimshtaki atakana," akawaza. "Je, nikimsifu?"

Akaenda barazani. "Wazee wangu, kabla hamjanifukuza, niwaachie zawadi. Ninafuma tando za kupimia ukubwa. Mnyama mkubwa, pumzi yake hujaza hewa, na utando wangu huikamata. Kila mmoja nitamfumia wake mlangoni. Kesho asubuhi tutajua nani mkubwa kuliko wote."

Nyati masikio yakamsimama.

Buibui akafuma kwa Swala, akiimba, "Pita upepo, uchafu kaa!" Akafuma kwa Tembo, "Pita upepo, uchafu kaa!" Akafuma kwa Nyati, na hapo akaimba kwa madaha zaidi, "Pita upepo, uchafu kaa!"

Alipoondoka tu, Nyati akakusanya nyasi chini ya utando wake. "Pumzi yangu ishindwe na ya Tembo? Thubutu!" Akawasha, tatata! Akapepea kwa masikio yote mawili, huku anakohoa na machozi yanamtoka.

Asubuhi tando zikaletwa barazani juu ya vijiti vyenye panda. Wa Swala, mweupe. Wa Tembo, vumbi jekundu kidogo, maana Tembo hupenda kulioga. Wa mwisho ulikuwa mweusi kama kitako cha chungu.

"Huu wa nani?" Buibui akauliza kwa upole.

"Wangu!" akajibu Nyati.

"Huenda ni wa Tembo, baba."

"Tembo ana nini? Wangu!"

"Na masizi haya yote?"

"Yangu!"

"Na yale kule juu, yaliyofunika jua?"

"Yangu! Yote yangu! Hakuna mwenye hata punje moja! Mimi ndiye niliyeijaza mbingu hii!"

Twiga akaishusha shingo taratibu, mpaka akatazamana na Nyati uso kwa uso. "Mwanangu Nyati, aliyeziba mbingu afanywe nini? Ulisema mwenyewe."

Nyati akageuka kutafuta njia ya kutokea.

"Afukuzwe!" wakapiga kelele wanyama.

"Hapana, mzee wangu," akasema Buibui. "Akifukuzwa atachoma kwa jirani, na upepo utatuletea. Abaki hapa, akanyage kila moto mpaka uzimike. Na mimi nitapima kila asubuhi."

Basi Nyati akakanyaga. Puu! puu! puu! Alikanyaga mpaka masizi yakamwenea mwili mzima, na hadi leo hajatakata.

Hewa ikatakata yeye akiwa bado mchafu. Mawingu yakarudi, to! to! halafu chwaaa! Ikanyesha mpaka mto ukaimba. Ilipokatika, kifuko kikapasuka. Wana wa Buibui wakapanda kwenye ncha ya tawi, kila mmoja akatoa uzi wake, akapaa na upepo kwenye mbingu safi.

Buibui akawaona wakipita juu ya Twiga, juu ya Tembo, juu ya Nyati anayekanyaga. Akapaza sauti bonde zima lisikie, "Wanangu hao! Hakuna hewa watakayoshindwa kuipima!"

Fundisho ni hili, wanangu: kujisifu ni kubaya. Mwigeni Buibui, yeye hajisifu kamwe, hutundika tu kazi yake katikati ya njia mpaka ikuguse uso. Na kesho mkiambiwa mfagie tando za darini, kataeni. Semeni, "Mama, tunapima hewa." Mkichapwa, mimi sikuwatuma.

Hadithi yangu imelowa mvua, naianika hapa. Aliyeipenda aichukue ikiwa mbichi, asiyeipenda angoje ikauke.