Pumzi ya Gari la Mwalimu Ambakisye

"Ukiongeza pumzi, kagua kifua." Mmeisikia methali hii leo kwa mjomba wenu, alipokuwa akizungumza na jirani anayetaka kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya zamani, nanyi mkaja kuniuliza nyumba ina kifua gani. Mmefanya vizuri kuuliza. Wengi hapa Tukuyu huisema tu bila kujua ilikotoka. Mimi niliwafahamu wenyewe walioianzisha, tulikuwa majirani. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwalimu wa michezo, Ambakisye Mwandemele, na mkewe Sekela, fundi cherehani. Mwalimu alikuwa mkimbiaji tangu ujana, na hata alipoanza kuota mvi alikuwa bado akiwatoa jasho wanafunzi wake. Akanunua gari la mtumba lenye turbo. Turbo, wanangu, ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Yaani huliongezea gari pumzi. Mwalimu alilipenda gari lile. Akimaliza kuliosha hupigapiga boneti kwa kiganja, kama anayempongeza ng'ombe wa maziwa.

Mwaka mmoja gari likaanza kuchoka kwenye mlima wa kwenda kwao Sekela. Na mwalimu naye akaanza kukohoa. Mkewe alipomwambia aende hospitali, alijibu, "Ni vumbi la chaki tu." Shuleni aliacha kukimbia, akawa anasimama pembeni na filimbi.

Basi, hakutafuta kwa nini gari linachoka. Aliagiza kifaa cha umeme cha kuongoza turbo, ili aiamuru isukume hewa zaidi. Jumamosi asubuhi akafungua boneti uani, Sekela akiwa kando yake na karatasi ya maelekezo.

"Wanasema kabla ya kufunga, kagua mipira yote inayopitisha hewa," Sekela alisoma.

"Mipira ni mizima, Mama Lusajo. Nipe bisibisi."

Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo nalisema wazi. Alichomoa waya wa betri kwanza. Akafunga vali ndogo ya kile kifaa mbali na joto la injini, akaiunganisha na mpira mwembamba unaotoka kwenye turbo, akapitisha nyaya hadi ndani na kubandika kioo kidogo karibu na usukani. Namba zilipowaka, wote wawili walicheka kwa furaha. Kisha akapandisha namba ya msukumo wa hewa kupita ile iliyoshauriwa kwa kuanzia, wakaenda kulijaribu gari mlimani.

Lilipanda kama linaitwa! Sekela mwenyewe alipiga makofi. Walipofika katikati ya mlima, ukasikika mlio mkubwa, "Pwaa!" Nguvu zote zikaisha, moshi mweusi ukatoka nyuma. Mwalimu akalisogeza gari pembeni, akateremka upesi kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Alilipata mtaroni, akalibeba, akaliweka. Alipotaka kunyanyuka hakuweza. Alikaa pale chini, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka, neno halitoki.

Sekela alikaa naye, akimshika mgongo, mpaka akatulia. Kisha akafungua boneti na kurudi na mpira mnene uliopasuka.

"Tazama. Sehemu hii imepasuka leo, lakini hii ya pembeni ni ya zamani, imejaa vumbi. Gari lilikuwa linavuja pumzi siku zote, sisi tukaliongezea nyingine." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, Baba Lusajo, unavujia wapi?"

Mwalimu alitazama bondeni.

"Naogopa," akasema. "Wataniambia nisikimbie tena."

"Hata mimi naogopa. Lakini tutaogopa tukiwa njiani kwenda hospitali. Ukiongeza pumzi, kagua kifua. Gari tumeshalidhulumu. Wewe usijidhulumu."

Lori lililokuwa likipita likawavuta hadi nyumbani. Jumatatu walikwenda hospitali, na daktari akakuta kifua kikuu. Akasema kimewahiwa. Sekela naye alipimwa akakutwa mzima. Mwalimu alianza dawa, akazinywa bila kuruka hata siku moja, mkewe akihesabu vidonge naye akinung'unika kwamba anafanywa mtoto.

Katika miezi ile ya kupona walibadilisha mipira ya gari mmoja baada ya mwingine, mwalimu akiwa kwenye kigoda, Sekela ndiye aliyeinama. Kifaa wakakirudisha kwenye namba ya chini, na gari likaupanda mlima bila taabu.

Dawa zilipokwisha, daktari akamruhusu kukimbia. Nilikuwepo uwanjani siku aliporudi. Watoto walimpita wote, hata wale wa darasa la tatu, naye alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo alilisema neno la mkewe kwa kila mtu: kwa wazazi, kwa wanakwaya, kwa mtu anayetaka kufungua duka la pili wakati la kwanza linayumba. Nasi tukaliokota.

Kwa hiyo mjomba wenu hakumkataza jirani kupandisha ghorofa. Alitaka achimbe kwanza pembeni ya ukuta, auone msingi ukoje. Mtu akitaka makubwa, hatuna ugomvi naye. Tunamwambia tu: ukiongeza pumzi, kagua kifua.