Aliyetapikiwa Kiganjani

Wapendwa, hebu tuseme palikuwa na mama mmoja mshona nguo, hana mume, hana mtoto. Alikuwa na kasuku mweupe mwenye kishungi kichwani, akamwita Shungi. Alimlea tangu kifaranga, akimlisha uji kwa kijiko. Jamani, ndege yule alikuwa mpole! Mgeni yeyote akiingia, Shungi yuko begani kwake.

Miaka ikapita, Shungi akakua, akawa mkali. Wageni akawang'ata. Kwa mama tu ndiko alikotulia. Hilo mama alilivumilia. Lakini asubuhi moja, mama yuko kwenye cherehani yake, Shungi akamsogelea, akatikisa kichwa juu chini, juu chini, halafu pwaa! Akamtapikia karanga kiganjani.

"Mshenzi wewe!" mama akafoka. "Nimekulea kwa taabu, shukrani yenyewe ndiyo hii?"

Akamchapa kandambili, akajifuta mkono. Kesho yake yakawa yaleyale. Akamfungia tunduni.

Mnajua kilichofuata? Shungi alisusa kula. Akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikabaki wazi, inatoka damu. Roho ikamuuma mama yule, maana hakuwa na mwingine wa kumwita wangu. Akambeba mbiombio hadi kwa daktari wa mifugo.

"Daktari, nisaidie, ndege wangu anakufa. Tena sijui kaingiwa na nini, siku za karibuni alikuwa na dharau, ananitapikia."

"Anawatapikia na wengine?"

"Hapana. Mimi peke yangu."

Daktari akamtazama kwa huruma. "Pole, mama. Hiyo si dharau. Kasuku akishakuwa mkubwa, humchagua mmoja wa kumpenda. Akimpenda, humtolea chakula kilichomo tumboni mwake mwenyewe. Huyu alikuwa anakulisha."

Mama alilia palepale, mbele za watu, wala hakuona haya. Alirudi nyumbani, akafungua mlango wa tundu, akaweka kiganja wazi. Shungi hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya nne ndipo alipokuja, polepole, kwa woga, akatikisa kichwa. Safari hii mama hakujifuta.

Sasa ndugu zangu, tusimcheke mama huyu. Sisi je? Mtoto akiwa mdogo anakurukia shingoni, kila mtu anaona kwamba anakupenda. Akikua, mapenzi yake hubadilika sura, na sisi tunaona ni ukorofi. Baba uliyekaa hapo, binti yako ametimiza miaka kumi na mitano. Hakukumbatii tena, salamu yenyewe ya kuvuta. Jana jioni alikuletea chai hujamwomba. Ukaonja, ukasema, "Sukari yote hii, huna akili?" Akaondoka na kikombe, kichwa chini.

Baba, alikuwa anakulisha.

Akikuletea tena leo, inywe. Na kama haleti, usimwite kwa ukali. Chemsha wewe, umpelekee, ukae naye mpaka amalize.