Barafu Haimngoji Mgeni Rasmi

"Barafu haimngoji mgeni rasmi." Nimeisema asubuhi hii, nanyi mkacheka, mkidhani ni utani wa mzee aliyechoka kusimama. Kisha Sesilia akauliza imetoka wapi, maana katika vitabu vya shule hajaiona. Hawezi kuiona. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa zamani. Ilizaliwa hapa hapa kwetu, juu ya ukingo wa Bonde la Rukwa, ndani ya klabu hii ambayo fulana zake mmezivaa. Sogezeni viti, niwaeleze ilivyoanza.

Klabu yetu ya Mkono kwa Mkono ilikuwa bado changa. Wanachama walikuwa walimu, wenye maduka, katekista mmoja na fundi wa saa ambaye saa yake mwenyewe haikuwahi kusema kweli. Walikutana kila Alhamisi, wakichanga nguvu na muda. Walikuwa wamejenga vyoo vya shule, na walikuwa wamewapeleka hospitali watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Huko Denmark walikuwa na klabu rafiki, watu wa kujitolea kama wao, nayo mwaka ule iliwaletea makasha mawili ya kubebea chanjo: makubwa, ya buluu, yenye kuta nene za kutunza baridi.

Katika klabu hiyo alikuwamo Anastazia Katepa, mwenye duka la vitambaa pale karibu na soko. Cheo chake kilikuwa mshika kengele. Msikidharau. Kengele ikigongwa mara moja, kikao kimefunguliwa, na atakayeingia baada ya hapo atatozwa faini. Ikigongwa mara mbili, kikao kimefungwa, na kila mtu lazima asimame, hata kama alikuwa katikati ya sentensi. Anastazia hakuwa na huruma na wachelewaji. Alimtoza katekista siku aliyotoka kuzika, na mumewe alimtoza mara nyingi kuliko wote. Mtu mmoja tu ndiye asiyetozwa kwa kanuni za klabu, naye ni mgeni rasmi. Anastazia aliilinda kanuni hiyo kama alivyozilinda nyingine zote. Shughuli haianzi mpaka mgeni rasmi aketi; ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine.

Mwaka huo surua iliingia tena bondeni. Klabu ikakubaliana na kituo cha afya kwamba itatoa gari na watu, ili chanjo ifike kijiji cha Itonko, chini kabisa, mahali ambapo gari hufika mara chache. Anastazia akatumwa atangulie kuzungumza na akina mama. Alidhani watampokea kwa vigelegele. Walimpokea kwa kumtazama tu.

Mama mmoja kijana, Elida Sikazwe, ndiye aliyemweleza sababu. Mwaka uliopita watu wengine waliahidi kuleta chanjo. Akina mama wakakaa uwanjani pa shule tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi zizini, na hakuna aliyekuja wala aliyetuma neno. Miezi michache baadaye surua ikapita, na Elida akamzika mwanawe wa kwanza. Sasa alikuwa na mmoja tu, binti mchanga aitwaye Tumsifu, aliyekuwa amelala mgongoni mwake wakati wakizungumza.

"Mama yangu, sikukatazi kuja," Elida alimwambia. "Ila ni wakati wa mpunga. Jua likisimama kichwani sisi tunavuka mto kwenda kambi za mashambani, na haturudi mpaka mavuno yaishe. Mkija, njooni kabla ya hapo. Mimi sitakaa tena pale uwanjani mpaka jioni."

"Nitakuja," Anastazia alisema. "Nikishindwa, nitakuja mwenyewe kukuambia kwamba nimeshindwa."

Alipanda mlima kurudi nyumbani akiwa na ahadi hiyo kifuani, na kwa kweli ilimwelemea kuliko mzigo wowote wa vitambaa aliowahi kubeba.

Siku ikafika. Alfajiri umeme ulikatika mjini, na jokofu la kituo cha afya likanyamaza. Barafu iliyokuwa imekwisha kupangwa pamoja na chanjo ndani ya makasha ndiyo iliyokuwapo, hakukuwa na nyingine ya akiba. Nesi Filbert, kijana mpole ambaye angekwenda kuchoma sindano, aliomba waondoke mapema. Lakini Mwenyekiti wa klabu, Mzee Kapufi, alikuwa ameandaa sherehe. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya ukumbi wa klabu, viti vimepangwa, kwaya imepiga pasi sare zake, na pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Makasha yaliwekwa juu ya meza mbele, yakazungushiwa utepe mwekundu. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mkoani, angeukata utepe, angetoa hotuba, na picha zingepelekwa Denmark.

Mgeni rasmi hakutokea. Mzee Kapufi alikwenda nyuma ya ukumbi kupiga simu, akarudi amekunjua uso.

"Yuko njiani," akasema.

Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikaanza upya. Mzee Kapufi akaenda tena nyuma ya ukumbi, akarudi na lile lile: yuko njiani. Jua lilikuwa limelizunguka turubai na sasa lilipiga moja kwa moja kwenye meza. Nesi Filbert akafunua kasha moja kidogo, akatia mkono, akafunika haraka. Anastazia alikuwa ameketi kando yake na kengele mapajani. Alimwona akiufuta mkono wake kwenye suruali, nao ulikuwa unatiririka maji.

"Imebaki kiasi gani?" akamnong'oneza.

"Ya kutufikisha, mama. Ya kutufikisha na kuchanja, kama tungekuwa tumeshaondoka."

Anastazia akaenda kwa Mwenyekiti. "Mzee, tuondoke. Mgeni atatukuta huko huko bondeni."

"Mama Katepa, wewe ndiye wa kuniambia hivyo? Wewe mshika kengele?" Mzee Kapufi alishtuka kweli. Hakuwa mtu mbaya, jueni hilo. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima ilikuwa imemkaba shingo. "Tumemwalika mkubwa wa watu, tumwachie viti vitupu? Na wale wa Denmark tutawatumia picha gani?"

Anastazia akarudi kuketi. Miaka yote alikuwa upande wa kanuni, na kanuni zilikuwa upande wa Mwenyekiti. Alitazama makasha mazuri yale yenye utepe, akawaza uwanja wa shule ya Itonko, akamwona Elida akitazama jua. Hasira ikampanda, si kwa Mzee Kapufi tu, bali kwa nafsi yake iliyokuwa imeketi pale na kengele kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Akasimama. Akaigonga kengele mara mbili.

Watu wote wakasimama. Hata Mzee Kapufi alisimama, maana mazoea yana taabu, kisha akakumbuka. "Mama Katepa! Kikao hakijafunguliwa, unakifungaje?"

"Kitafunguliwa Itonko." Akatoa mkasi wa dukani kwake kutoka kwenye mkoba, akaisogelea meza.

"Unafanya nini?"

"Nakata utepe."

"Huo ni wa mgeni rasmi!"

"Akija mtamfungia mwingine. Dukani ninalo jora zima." Mkasi ukalia, utepe ukaanguka. Mtu mmoja wa kwaya akaguna kama aliyefinywa. "Filbert, shika kasha hilo, mwanangu. Mimi nashika hili."

"Ukiondoka na gari hilo," Mzee Kapufi alisema, "klabu haikujui."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu klabu hiyo aliipenda. Alisimama na kasha mikononi, akajibu, "Leo isinijue, Mzee. Elida ananijua." Akatoka nje ya turubai, na nesi na dereva wa klabu wakamfuata.

Mnaijua ile barabara ya kuteremkia bondeni. Kila kona unayoikata, joto linaongezeka kama mtu anayekaribia jiko. Anastazia aliloanisha kitenge chake kwa maji ya kunywa, akayafunika makasha. Kilipokauka alikiloanisha tena, mpaka chupa ikaisha.

"Fungua kidogo tuone," alimwomba nesi.

"Hapana, mama. Kila tukifunua tunaifukuza baridi. Tuache ifanye kazi yake."

Wakafika Itonko jua limeshavuka kichwa. Uwanja wa shule ulikuwa na wanawake wachache wanaofunga mizigo, wengine walikuwa tayari kwenye njia ya mtoni, vyungu kichwani na watoto mgongoni. Anastazia aliruka kutoka garini kabla halijasimama vizuri. Alimtambua Elida kwa mbali kwa ile kanga yake ya njano, akiwa amewapa kisogo.

"Elida! Nimechelewa, lakini nimekuja!"

Elida akasimama. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, alitazama gari, akatazama makasha, akamtazama yule mama wa mjini aliyelowa jasho na vumbi, kichwa wazi, kitenge kimetandazwa juu ya makasha.

"Umechelewa kweli, mama," akasema.

"Kweli. Sina la kujitetea. Nisaidie kuwaita wenzako."

Elida akaweka mzigo chini, akakimbia kuelekea mtoni akipiga ukemi, na sauti yake ikawafikia hata waliokwisha kutia miguu majini. Wanawake wakarudi, mmoja mmoja, kisha makundi. Nesi Filbert akaanza kazi chini ya upenu wa darasa. Kasha la kwanza likaisha. La pili lilipofunguliwa, barafu ndani yake ilikuwa vipande vyembamba vinavyoelea. Anastazia alipanga mstari, akabeba watoto, akawanyamazisha wanaolia, na kila mara jicho lake lilirudi kwenye kasha.

Wa mwisho kabisa alikuwa Elida, kwa kuwa ndiye aliyekimbia kuwaita wengine. Alipofika mbele na Tumsifu mikononi, nesi alikuwa ameinamia kipimajoto.

"Vipi, Filbert?" Anastazia aliuliza.

"Bado inafaa. Ila kwa muda mfupi tu. Mshike mkono mtoto."

Sindano ikaingia. Tumsifu akalia kilio kikubwa cha mtoto mwenye afya. Anastazia akaketi chini kwenye mchanga, akalia pamoja naye, wala hakujificha.

Jua lilikuwa limeinama wakati magari mawili yalipoteremka kwa vumbi. Katika la kwanza alikuwamo mgeni rasmi, shati jeupe limejaa grisi mpaka kifuani. Katika la pili alikuwamo Mzee Kapufi na mpiga picha.

"Mama Katepa, umetuaibisha," Mzee Kapufi alianza kabla hajamaliza kushuka. "Mheshimiwa amelazimika kukufuata mpaka huku. Ungepungukiwa nini kama ungengoja?"

Anastazia hakuwa na nguvu ya kubishana. Alilivuta kasha, akaliinamisha. Maji ya uvuguvugu yakamwagika, mchanga ukayanywa.

"Mimi ningengoja, Mzee," akasema. "Ningengoja hata mpaka kesho, unanijua. Lakini barafu haimngoji mgeni rasmi."

Mpiga picha alishusha kamera yake. Mgeni rasmi alilitazama kasha tupu, kisha akamgeukia Mzee Kapufi.

"Mwenyekiti, kwani hukuwaambia? Uliponipigia mara ya kwanza nilikueleza kwamba gari limepasuka gurudumu. Nikasema anzeni bila mimi. Mara ya pili nikarudia."

Anastazia aliinua kichwa. Mzee Kapufi alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake.

"Ulisema, mheshimiwa," akajibu polepole. "Nilidhani unasema kwa uungwana tu. Nikaona si adabu."

"Adabu kwa nani?" mgeni rasmi akauliza.

Mzee Kapufi aliinua macho kutoka kwenye kofia. Mbele yake alikuwa amesimama mama kijana mwenye kanga ya njano, asiyemjua, akimfunga mtoto wake mgongoni tayari kwa safari ya mashambani. Elida naye hakumjua, ila aliona ni mzee wa watu na ametoka mbali, akapiga goti kidogo kama desturi yao.

"Karibuni," akamwambia. "Tumekwisha kumaliza, lakini karibuni."

Mzee Kapufi aliitikia kwa kichwa, akainama, akaokota kasha tupu kutoka mchangani, akalibeba mwenyewe mpaka garini. Hotuba haikusomwa siku ile.

Wanawake wa bondeni ndio walioichukua methali kwanza. Waume zao wakizubaa na jembe begani wakingoja mwenye shamba aamke, huambiwa hivyo. Wabeba mpunga wakaipandisha mlimani, na siku hizi hata mahakamani nimeisikia. Mgeni ni heri, nasi bado tunawaalika, na pilau bado tunapika. Lakini ukiona mbele yako pana jambo linaloyeyuka, na mtu anakwambia tungoje kwanza wakubwa waketi, usimtukane, usigombane naye. Chukua kasha uende, na ukiulizwa, jibu kama alivyojibu Anastazia Katepa: barafu haimngoji mgeni rasmi.