Mstari Uliokatwa

Tiii! Mlio mmoja ulipasua usiku wodini, kisha kimya. Kulipokucha, kitanda cha nne kilikuwa kitupu.

Mashine iliyokuwa ikimsukumia mtoto wa kitanda hicho dawa mshipani ilipita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mzee Kirumbe alijua kueleza. Ndiye aliyeandika programu ya mashine, na kando ya kila hatua aliacha maelezo marefu. Mwisho kabisa wa maelezo ya kipimo cha dawa aliandika: “Kipimo hiki asipewe mtoto wa chini ya kilo kumi.”

Elinami alijua kufupisha. Alitengeneza zana inayosoma maelezo ya programu na kuyageuza kuwa kadi ya mwongozo, ile wauguzi wanayoitundika kwenye mashine. Kadi ni ndogo. Kilichozidi mistari sita, zana ilikikata.

Nakijwa alijua kuona. Kazi yake ilikuwa kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu, wa wenzake kabla haujaanza kutumika. Zana ya Elinami aliisoma herufi kwa herufi, hakuona kosa, akaandika: “Safi, ipite.” Kadi yenyewe hakuitazama. Desturi ya ofisi ni kwamba mkaguzi hukagua msimbo, si kinachozaliwa nao.

Na ipo desturi ya pili: kosa ni la timu, jina halitajwi.

Miezi minane mama wa mtoto alikuja kila Jumatatu, akaketi mapokezi na swali lilelile: “Ni nani?”

“Ni timu, mama.”

Jumatatu moja hakuketi. Aliingia mpaka ndani, walipo wote watatu.

“Timu haina uso,” alisema. “Nipeni jina moja.”

“Mimi onyo niliandika,” alisema Mzee Kirumbe.

“Mwishoni mwa risala!” Elinami alifoka. “Nani angefika huko, mzee? Na zana yangu ilikaguliwa. Muulizeni dada hapa.”

“Kijana, mkasi uliushika wewe.”

Nakijwa hakuwasikia. Mama alikuwa ameshika ile kadi. Mistari sita, na wa sita umekatika katikati ya sentensi. Hata mtoto wa shule angeona.

Haya, wasikilizaji. Mmoja aliandika onyo mahali pasipofikika, mmoja alilikata bila kujua, mmoja alifungua lango. Je, wewe ungeamua vipi? Ungemtaja nani?

Nyinyi bado mnabishana, Nakijwa ameshasimama.

“Mama,” alisema, “jina ni Nakijwa.”